Shangazi, baba anajua nasomea unesi, kumbe niko sanaa huria

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 20, mi ndo mtoto wa kwanza kwetu, tuko Marekani mwaka wa nne sasa. Nasoma chuo cha serikali cha miaka miwili, vile ambavyo wanapokea karibu kila mtu aliyemaliza sekondari, na mwezi huu wa kumi na mbili namaliza semista ya tatu. Tatizo langu lilianza siku ya kujiandikisha. Yule mama wa ofisini aliniuliza unataka kusomea nini, nikamwambia sijui, akasema basi tukuweke Liberal Arts and Sciences, yaani sanaa huria na sayansi, utaamua mbele ya safari, nikasema sawa. Natoka nje baba ananisubiri kwenye gari, ananiuliza "wamekupa unesi?" na mi sijui nini kilinipata nikajibu ndiyo baba. Ndo hivyo tu, neno moja, na mpaka leo naliburuza.

Baba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, anarudi asubuhi miguu imevimba, na kila mtu anayemjua aliyetoboa huku ni nesi au ameoa nesi. Kwa hiyo namuelewa, sio kwamba simuelewi. Mama anajua ukweli tangu semista ya kwanza ila ananiambia nyamaza kwanza umalize, mengine tutayaona.

Na sio kwamba sisomi shangazi usije ukanifikiria vibaya. Semista ya kwanza waliniweka kwenye zile hesabu za kuandaliwa ambazo unakaa darasani, unafanya mtihani na kredi, zile pointi za kozi zinazojumlishwa mpaka digrii, hupewi, hivyo nikatoka na kredi 9 tu, uandishi wa Kiingereza, saikolojia na sosholojia. Semista ya pili nikapata 12, mle kulikuwa na takwimu ambayo niliingia natetemeka nikatoka na A, sikuamini. Hii ya tatu nina 13, kuna jiolojia na maabara yake, historia, na mantiki ambayo iko chini ya falsafa. Hiyo mantiki shangazi! Mwalimu anaandika hoja ubaoni halafu tunatafuta imevunjikia wapi, nikitoka mle kichwa kinawaka. GPA yangu, yaani wastani wa maksi, ni 3.4 kati ya 4.

Sasa juzi baba mdogo alikuja nyumbani akaona laptop yangu iko wazi, ukurasa wa chuo unaonyesha jina la programu. Akacheka mpaka akakaa chini, "sanaa? umevuka bahari yote hiyo kuja kuchora?" Baba alikuwa amelala. Ila alipoacha kucheka akaniambia kwa sauti ya chini, mwambie baba yako mwenyewe kabla sijamwambia mimi. Na baba ameshatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba mwezi wa tano nesi wetu anavaa joho.

Juu ya hapo kuna rafiki yangu darasani anasema kredi za sanaa huria ukihamia chuo kikuu zinatupwa zote unaanza moja. Kwa hiyo nawaza niache hizi nilizonazo niende chuo kingine nianze unesi upya, ili ule uongo ugeuke kuwa kweli.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Sijui kama unesi siutaki kweli au siutaki kwa sababu ni wa baba.

Nisaidie
Nesi wa Uongo

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika kidogo, mara ya pili nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu ndo naanza nayo kwa sababu naona we mwenyewe hujaipiga.

Umesema una 9, na 12, na 13. Jumla 34. Digrii ya miaka miwili huko kwa kawaida ni kredi 60, kwa hiyo bado 26. Mwezi wa tano uko semista moja mbele. Hamna mtu mwenye akili timamu atakayekuruhusu ubebe kredi 26 kwa semista moja, na wakikuruhusu kimbia. Maana yake hata kama baba yako angekuwa anajua ukweli wote na ameukubali kwa mikono miwili, hilo joho la mwezi wa tano halipo. Umekaa unaogopa siri ya jina la programu wakati kuna siri kubwa zaidi imekaa kwenye karatasi yako ya matokeo.

Na sikulaumu peke yako maana hapa wanakwama wengi sana. Wanaambiwa kredi 12 ni "mwanafunzi wa muda wote", na ni kweli, kwa mambo ya msaada wa fedha 12 inatosha. Lakini 12 mara semista nne ni 48. Ili umalize kwa miaka miwili unatakiwa 15 kila semista, na ukianza na hesabu za kuandaliwa zisizo na kredi ndo unazidi kubaki nyuma bila kujijua, unasoma, unachoka, na kaunta haisogei. Kwa hali yako naona semista inayokuja ubebe 13, halafu zile 13 zilizobaki uzigawe kiangazi na semista inayofuata, umalize mwezi wa kumi na mbili mwakani. Hiyo ndo tarehe ya kumpelekea baba.

Sasa tuje kwenye unesi, na hapa sijui nicheke au nilie. We unajiona muongo mkubwa kwa kuwa ulisema "ndiyo baba" wakati umewekwa sanaa huria. Mwanangu, hata ungemwambia yule mama wa ofisini kwamba nataka unesi, kuna uwezekano mkubwa angekuweka hapo hapo ulipo! Kwenye vyuo vingi vya aina hiyo mtu haingii unesi siku anapojiandikisha. Unaanza na kozi za awali, ukishazimaliza na maksi nzuri ndo unaomba nafasi, mnashindanishwa, wengine wanaachwa. Huo muda wa kusubiri watu wanakaa wapi? Wengi wanakaa kwenye sanaa huria na sayansi. Kwa hiyo baba alikuuliza swali ambalo kwenye vyuo vingi siku kama ile lisingeweza kujibiwa ndiyo. Sikupi kichaka cha kujificha, uongo wako ni uongo kwa sababu we ulijua unasema nini na kwa nini. Ila nataka uone kwamba umbali kati ya ulichosema na mahali ulipo ni mdogo kuliko unavyouota usiku.

Angalia ulichonacho mkononi. Uandishi wa Kiingereza, saikolojia, sosholojia, takwimu. Hizo nne, programu za unesi huwa zinazitaka nyingi kama sio zote kwenye kozi za awali, inategemea chuo. Unachokosa ni kile kipande kigumu, anatomia na fiziolojia ambayo ni semista mbili zenye maabara, na mikrobiolojia. Jiolojia yako haitasaidia unesi, lakini inakaa vizuri kabisa kwenye kipengele cha sayansi cha digrii yako, haijapotea.

Kwa hiyo lile wazo la kuacha vyote ukaanze upya chuo kingine ili uongo ugeuke kweli, nakuomba ulifukie leo. Ni wazo la mtu mwenye aibu, na aibu haijui kupanga masomo. Ngoja nikwambie kitu ambacho watu hawaambiwi mpaka wameumia. Msaada wa fedha wa serikali kuu una mipaka. Programu ya kredi 60, kikomo cha kredi ulizojaribu ni asilimia 150, yaani 90, na nasema ulizojaribu sio ulizofaulu, hata kozi uliyoiacha katikati ikaandikwa W inahesabiwa mle. Msaada wa Pell, ile ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, nao una ukomo wa maisha, ni sawa na semista 12 za muda wote halafu basi, na hapo hujafika hata chuo cha miaka minne. Mtu anayeanza upya kila akiona haya anakula akiba yake mwenyewe.

Rafiki yako wa darasani ana robo ya ukweli, na robo ya ukweli ndo inasumbua kuliko uongo mzima. Kredi hazitupwi hivi hivi. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya, kredi kupokelewa na kredi kuhesabika. Chuo kikuu kinaweza kupokea kozi zako 20 zote kwa tabasamu, halafu nusu yake wakaziweka kwenye kapu la kozi za hiari, hazikusogezi hata hatua moja kwenye fani unayoitaka, na unajikuta una kredi nyingi na bado miaka mitatu. Hicho ndo kinachowapata watu wanaotangatanga. Dawa yake inajulikana, vyuo vya serikali vya jimbo moja mara nyingi vina makubaliano ya maandishi kwamba kozi fulani ya hapa ni sawa na kozi fulani ya kule, na majimbo mengi yamekwenda mbali zaidi, ukimaliza digrii nzima ya miaka miwili, zile kozi za msingi za jumla zinahesabika umezimaliza zote kwa mkupuo. Ndo maana nakwambia maliza kwanza, usiondoke njiani na kredi 47 mkononi. Halafu chagua vyuo vikuu viwili au vitatu vya jimbo lako SASA HIVI, sio baada ya kumaliza, tafuta jedwali lao la kuhamisha kredi, na kila kozi utakayochukua kuanzia leo iwe ipo kwenye hilo jedwali.

Kuhusu baba mdogo na kicheko chake. Jina la hii programu kwa Kiswahili limetuponza, mtu akisikia sanaa anaona brashi na ngoma. Lakini "sanaa" hapo ni ile ya zamani sana, maana yake ujuzi. Wazungu wa zama za kati walizihesabu saba. Tatu za maneno, sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, na nne za hesabu, yaani hesabu zenyewe, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Uchoraji haumo kabisa. Na huria ni kwa sababu yalikuwa masomo ya mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hiyo we mwenye mantiki ya wiki hii na takwimu ya semista iliyopita uko kwenye jambo ambalo watu walilifanya karne nyingi kabla baba mdogo hajazaliwa. Usimwambie hivyo lakini, ataona dharau.

Kuna wengine watakwambia sanaa huria ni za watoto wa matajiri kwenye vyuo binafsi vyenye majani ukutani. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Ila mwaka 1847 wapiga kura wa New York walikubali ianzishwe Free Academy, chuo cha umma kisicho na ada, ili watoto wa mafundi na wa wahamiaji nao wasome, na ndicho leo kinaitwa City College. Wasichana walikuwa hawaingii, nakukumbusha. Na vyuo vya umma vya sanaa huria vya miaka minne vipo, vina hata umoja wao tangu 1987, unaitwa COPLAC, mle kuna kama University of Minnesota Morris na University of North Carolina Asheville, madarasa madogo, walimu wanaokujua jina. Ada ya mkazi wa jimbo huwa chini kuliko ya mtu anayetoka jimbo jingine, kwa hiyo usikimbilie cha mbali kabla hujaangalia cha kwenu.

Sasa nikugeukie na wewe. Baba yako hajakosea kuuliza. Mtu anayevimba miguu usiku kucha ana haki ya kuuliza binti yangu hii karatasi itakupa kazi gani, na jibu la kweli, sikudanganyi, ni kwamba digrii ya miaka miwili ya sanaa huria peke yake haina nguvu sana sokoni. Ni ngazi. Ngazi haifai kitu kama hujui unapanda wapi, na we umekaa semista tatu kwenye ngazi unafurahia upepo. Nakusifu kwa 3.4, wallahi nakusifu, lakini kwenye barua nzima hujanitajia hata fani moja unayoifikiria baada ya hapo. Umenitajia kozi unazopenda tu. Mantiki na takwimu, kichwa kinawaka. Haya, je umewahi kumuuliza mtu watu wenye vichwa vya hivyo wanaenda wapi? Takwimu na afya kwa mfano zinakutana kwenye afya ya jamii, wale wanaofuatilia magonjwa yanavyosambaa na kupima kama dawa inafanya kazi. Mantiki inakwenda sheria, inakwenda programu za kompyuta. Sikuchagulii. Nakuonyesha tu kwamba kati ya unesi wa baba na "sijui" kuna nchi nzima hujaitembelea.

Na lile swali la mwisho ulilolificha chini ya barua, ambalo ndo barua yenyewe. Hujui kama huutaki unesi au huutaki kwa sababu ni wa baba. Hilo halijibiwi kwa kukaa kitandani kuwaza. Semista inayokuja chukua anatomia na fiziolojia ya kwanza. Ni kredi 4, kwa kawaida inaingia kwenye sanaa huria na sayansi kama sayansi yenye maabara, kwa hiyo hupotezi kitu, na kama siku moja utautaka unesi utakuwa umeshaanza. Wiki 15 na mifupa na misuli na mitihani ya kukariri zitakwambia. Ukiona unaamka una hamu ya maabara, basi kumbe ulikuwa unagombana na baba na sio na kazi. Ukiona umepata B lakini kila Jumatatu roho inazama, nalo ni jibu, na utakuwa nalo jibu la kumpa mzee lenye ushahidi, sio "sitaki tu".

Kumwambia. Usimwambie kwa meseji. Usimwambie mbele ya baba mdogo. Na usimtume mama, mama amekosea kidogo kukwambia unyamaze ingawa najua ni mapenzi, atakuja kubeba lawama mbili, yako na yake. Subiri siku ya mapumziko yake, ameshalala ameshakula. Peleka karatasi ya matokeo umeichapisha, peleka na karatasi nyingine umeandika kwa mkono kredi zilizobaki semista kwa semista mpaka mwezi wa kumi na mbili. Anza na kosa, sio na maelezo. Ungekuwa mwanangu ningependa nisikie hivi: "Baba, siku ile kwenye gari uliniuliza kama wamenipa unesi nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Sikuwa nimechagua chochote, nikaona haya kukwambia sijui." Halafu nyamaza. Mwache aseme atakayosema, anaweza kupandisha sauti, anaweza kuondoka, anaweza kunyamaza siku tatu, ukoo mzima umeshatangaziwa na aibu ile sio ndogo. Akirudi ndo umwonyeshe karatasi. Baba wengi hawajui tofauti ya sanaa huria na unesi lakini 34 na 60 wanaijua.

Najua umejisikia salama kwa sababu chuo hakiwezi kumpigia. Kuna sheria ya mwaka 1974 inayowazuia kwa kawaida kumpa mzazi matokeo yako bila ruhusa yako, ni sheria nzuri. Lakini inakulinda na ofisi ya chuo, haikulindi na baba mdogo.

Kabla ya kuongea na baba muone mshauri wa masomo, yule wa chuo, sio rafiki wa darasani. Usiingie na swali la "nifanyeje", watakujibu kwa tabasamu na karatasi ya rangi. Ingia na haya: kati ya kredi zangu 34 ngapi zimeingia kwenye mahitaji ya digrii na ngapi zimeelea, kozi gani za kredi 26 zinanimaliza, na kozi hizo zikoje kwenye chuo kikuu fulani na fulani. Mwambie akuandikie. Mshauri mwenye wanafunzi mamia hatakumbuka alichokwambia kwa mdomo, na wewe ndo utakayelipa kozi ya ziada, sio yeye.

Na anatomia jisajili siku ya kwanza dirisha likifunguliwa, usingoje mpaka uongee na baba. Darasa zenye maabara zinajaa haraka sana, kila mtu anayeutaka unesi kweli anazikimbilia.

Shangazi